Konea ya kupandikizwa hudumu miaka mingapi? Uliza kwanza seli ni za nani

Mei 2023, madaktari wa hospitali ya NYU Langone mjini New York walimpandikiza mwanamume mmoja sehemu ya uso pamoja na jicho zima. Habari ilizagaa dunia nzima, na tangu hapo maswali hayajakoma: kumbe jicho linabadilishwa? Mbona fulani aliambiwa haiwezekani? Kisichozagaa kwa kasi ile ni kwamba jicho lenyewe lilipata damu na likabaki hai, lakini halikuona. Mshipa wa fahamu unaobeba picha kwenda kwenye ubongo ukishakatwa, hakuna daktari aliyewahi kuuunga ukafanya kazi tena. Kwa hiyo ukisikia mtu alikuwa haoni, akapandikizwa "jicho", na sasa anasoma gazeti, jua alichopandikizwa ni konea.

Konea ni utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho, juu ya ile sehemu yenye rangi na tundu la mboni. Unene wake katikati ni kama nusu milimita. Haina rangi, ndiyo maana mwenye macho ya kahawia akipewa konea ya mwenye macho ya buluu anabaki na macho yake yale yale. Haina mishipa ya damu pia, na hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Askari wa kinga ya mwili husafiri na damu, hivyo konea ya mtu mwingine inaweza kukaa miaka na miaka bila kushambuliwa. Ndiyo sababu kwa kawaida hatafutwi ndugu wa damu kama inavyofanyika kwa figo, na wagonjwa wengi hawalazimiki kumeza vidonge vya kushusha kinga maisha yao yote.

Hapo ndipo wengi huridhika, mpaka siku mgonjwa anaporudi nyumbani na karatasi yenye herufi: PK, DALK, DSAEK, DMEK. Jirani anamwambia ile mpya ndiyo nzuri. Mwingine amesoma kwamba ya zamani ndiyo hudumu. Wote wawili wana ushahidi, na wote wawili wanajibu swali lililoulizwa vibaya.

Tuanze na matabaka. Konea ina matabaka zaidi ya matatu, ila kwa kazi yetu matatu yanatosha. La nje ni ngozi nyembamba inayojifanya upya yenyewe kila baada ya muda mfupi. Ukikwaruzwa na mchanga, siku chache tu imeshafunga. La kati ndilo nene, kama asilimia 90 ya konea yote, nalo ndilo linaloipa konea umbo lake. La ndani ni safu moja tu ya seli zilizokaa juu ya kiwambo chembamba sana, na hizo ndizo zinazoamua karibu kila kitu utakachosoma hapa chini.

Konea huvuta maji kutoka ndani ya jicho saa zote. Maji yakijaa, inavimba na kuwa na ukungu. Kazi ya seli za ndani ni kuyarudisha maji yalikotoka. Hebu fikiria jahazi linalovuja: halizami kwa sababu kuna watu ngamani wanaofua maji usiku na mchana. Sasa fikiria kwamba mmoja wao akifa hapatikani wa kuchukua nafasi yake, na waliobaki hujitanua tu kuziba pengo. Ndivyo zilivyo seli hizi kwa binadamu: hazizaliani tena kwa kiasi cha kufidia zinazokufa. Kijana ana kama 3,000 katika kila milimita moja ya mraba, na hupoteza takriban asilimia 0.6 kila mwaka, kasi ndogo kiasi kwamba zinamtosha mpaka uzee. Zikishuka hadi karibu 500, wafua maji wanaanza kuzidiwa.

Watu wenye ugonjwa wa Fuchs, ambao huua seli hizi kabla ya wakati, wanaijua hali hiyo kwa saa ya ukutani. Asubuhi wanaamka na ukungu machoni, kufikia mchana unapungua, kesho unarudi. Usiku macho yamefumbwa, unyevu haupati pa kutokea kwa mbele, na seli zilizobaki zinalemewa.

Sasa tuje kwenye upasuaji.

Njia ya zamani ni kubadilisha konea kwa unene wake wote. Hiyo ndiyo PK. Iliyofanikiwa kwanza kwa binadamu ilifanywa na Eduard Zirm huko Olomouc, Desemba 1905, kwa kibarua aliyeungua macho kwa chokaa. Macho yote mawili yalipandikizwa, moja likaharibika, la pili likabaki angavu. Mpaka leo msingi ni ule ule: daktari anakata duara la kama milimita 8 katikati ya konea mbovu, analitoa, analiweka la mchangiaji na kulishona kuzunguka, mara nyingi kwa mishono 16 ya uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele. Kwa kuwa konea haina damu, kidonda hupona polepole sana; nyuzi huweza kukaa mwaka na zaidi. Tena hakirudii nguvu yake ya mwanzo. Ngumi au mpira unaomfikia mtu usoni miaka 20 baadaye unaweza kupasua pale pale kwenye mshono.

Njia ya pili, DALK, hubadilisha matabaka ya mbele na kuacha la ndani la mgonjwa mwenyewe. Inamfaa mtu ambaye seli zake za ndani ni nzima ila umbo limeharibika au kuna kovu, hasa mwenye keratokonasi, ugonjwa wa vijana ambao konea hukonda na kuchongoka. Ugumu wake ni kutenganisha tabaka la kati na kiwambo cha ndani bila kukitoboa. Mwaka 2002 Anwar na Teichmann walieleza ufundi wa kuingiza hewa kwa sindano ndani ya konea hadi kiputo kikubwa kinavimba na kuyabandua matabaka chenyewe. Kiwambo kikipasuka vibaya, daktari anageuza mkondo hapo hapo mezani na mgonjwa anaamka akiwa amefanyiwa PK. Aliyeelezwa mapema hashangai. Asiyeelezwa hudhani kakosewa.

Njia ya tatu ni kinyume chake: la mbele linaachwa, la ndani linabadilishwa. Gerrit Melles wa Uholanzi ndiye aliyeifungulia mlango mwishoni mwa miaka ya 1990. Kuna sura mbili. DSAEK huweka seli mpya zikiwa na kipande chembamba cha tabaka la kati kama kishikizo. DMEK huweka seli na kiwambo chake peke yake, mikroni 10 hadi 15, yaani chini ya moja ya hamsini ya milimita.

DMEK inafaa kutazamwa kwa karibu. Kiwambo kikibanduliwa kutoka konea ya mchangiaji hakitulii bapa; hujikunja chenyewe kuwa mrija, seli zikiwa upande wa nje. Kinatiwa rangi ya buluu kwa sababu bila rangi hakionekani, kisha kinaingizwa jichoni kwa bomba jembamba kupitia tundu la milimita chache. Baada ya hapo daktari hakishiki. Anagongagonga konea kwa juu na kupuliza maji kidogo kidogo mpaka mrija ukunjuke. Mara nyingi benki ya macho hugonga muhuri wa herufi S juu ya kiwambo, ili daktari aone kama kimekaa sawa: herufi ikisomeka kinyume, kimepinduka, na kiwambo kilichopinduka hakitafanya kazi hata kiwe kizuri namna gani. Kikishakaa, kinasukumwa juu kwa kiputo cha hewa au gesi, na mgonjwa analala chali akitazama dari, siku moja au zaidi, hewa ikikibana mahali pake. Wengine kiwambo hubanduka pembeni na kurudishiwa hewa mara ya pili. Hilo ni jambo la kawaida katika njia hii, halimaanishi upasuaji umeharibika.

Kabla ya takwimu, tuelewane. Madaktari wanaposema kipandikizi "kimeishi" miaka kumi, wanamaanisha kimebaki angavu. Hawajasema mgonjwa anaona vizuri kiasi gani. Mkanganyiko mwingi unatokea hapo, na nitaurudia.

Australia ina rejista ya upandikizaji wa konea iliyoanza mwaka 1985, moja ya hazina kubwa za taarifa hizi duniani. Kwa wenye keratokonasi waliofanyiwa PK, rejista hiyo ilionyesha kuwa asilimia 89 ya vipandikizi vilikuwa hai baada ya miaka 10. Namba tamu. Lakini baada ya miaka 20 zilikuwa asilimia 49, na baada ya miaka 23, asilimia 17. Kumbuka ni nani hupata ugonjwa huu: kijana wa miaka ishirini na kitu. Anayeambiwa "inafanikiwa kwa asilimia 89" hajaambiwa kwamba akifika umri wa miaka 50 anaweza kuhitaji nyingine, na kipandikizi cha pili kwa kawaida hakidumu kama cha kwanza.

Kwa nini kinachoka hata pale ambapo kinga ya mwili haijakigusa? Hesabu ya seli inajibu. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu wachangiaji wa konea, ulioanza mwaka 2000 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 1,000, ulikuta kwamba miaka mitano baada ya PK vipandikizi vilivyobaki angavu vilikuwa vimepoteza takriban asilimia 70 ya seli zake za ndani. Mgonjwa anaona, daktari anaona konea safi, na huku ngamani wamebaki watu watatu kati ya kumi.

Hii ndiyo hoja ya wanaopigania DALK. Ukiacha seli za mgonjwa mwenyewe, mwili hauna seli ngeni za ndani za kukataa, na upungufu ukishapita miezi ya mwanzo hurudi karibu na kasi ya kawaida ya uzee. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walitumia kasi hizo mbili za upungufu kukadiria umri wa vipandikizi: PK kama miaka 17, DALK kama miaka 49. Ni makadirio ya hesabu, kwa kuwa mwaka huo hakukuwa na DALK ya kisasa yenye umri huo, ila mwelekeo wake unaeleweka.

Basi ya kisasa imeshinda? Subiri kidogo. Mwaka 2014 rejista ile ile ya Australia ilichapisha ulinganisho uliowaudhi wengi: kwa magonjwa yale yale na katika miaka ile ile, PK ilidumu kuliko DALK na kuliko upandikizaji wa tabaka la ndani. Sababu moja inayotajwa ni ugeni wa njia zenyewe. Rejista inachukua kila mpasuaji, bingwa wa njia hiyo na anayejifunza, wakati ripoti nyingi tamu hutoka kwenye vituo vichache vinavyofanya kazi hiyo kila wiki. Upande wangu, naona utafiti huo una manufaa kwa mgonjwa kuliko ripoti kumi za mabingwa, kwa sababu unamtuma aulize swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: daktari, njia hii umeifanya mara ngapi, na ngapi zilibanduka au kugeuzwa kuwa PK?

Kwenye upande wa tabaka la ndani, faida iliyo wazi ni kukataliwa na mwili. Ripoti ya mwaka 2012 kutoka kituo kimoja cha Indiana, Marekani, ililinganisha miaka miwili ya mwanzo: waliopata dalili za kukataliwa walikuwa kama asilimia 18 kwa PK, 12 kwa DSAEK na jamaa zake, na 1 kwa DMEK. Tofauti kubwa mno. Hata hivyo kutokataliwa hakuzuii seli kuchakaa. Macho 100 ya kwanza ya DMEK kutoka kwa kundi la Melles yalifuatiliwa miaka 10, na takriban asilimia 79 ya vipandikizi vilikuwa hai mwishoni. Kumbuka hayo yalikuwa macho ya mwanzo kabisa, ufundi ukiwa bado unatafutwa.

Ukiweka namba hizi sambamba utaona kitu kinachojirudia: ugonjwa una sauti kubwa kuliko njia. Katika utafiti ule wa Marekani, wote wakiwa na PK, waliopandikizwa kwa sababu ya Fuchs walipoteza vipandikizi kwa asilimia 20 katika miaka 10. Wale ambao konea yao ilivimba baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, asilimia 37. Upasuaji mmoja, matokeo mawili. Jicho lenye presha, hasa lililokwisha kufanyiwa upasuaji wa presha, lina hatari zaidi. Vivyo hivyo konea ambayo mishipa ya damu imeshaota ndani yake baada ya kuungua au maambukizi, kwa sababu ile kinga ya kutokuwa na damu imekwisha. Kwa hiyo kumlinganisha shangazi mwenye Fuchs aliyefanyiwa DMEK na kijana aliyemwagikiwa asidi akafanyiwa PK ni kulinganisha vitu visivyokutana popote.

Turudi kwenye kuona. PK inaweza kuwa angavu kabisa na mgonjwa bado akalalamika, kwa sababu nyuzi huvuta konea bila usawa, mwanga ukavunjika ovyo na herufi zikaonekana zimevutwa upande mmoja. Wengi huhitaji miwani yenye nguvu au lenzi ngumu za kuvaa jichoni. DALK nayo ina nyuzi zile zile, kwa hiyo tatizo hilo haliondoki. Aliyeahidiwa DALK ili asivae miwani amedanganywa. DMEK haigusi umbo la mbele, hivyo wengi huanza kuona vizuri ndani ya wiki au miezi michache. Mgonjwa wa miaka 75 anayetaka kusoma mwaka huu ana sababu nzuri ya kujali kasi hiyo kuliko makadirio ya miaka 49. Na konea yoyote ile haitibu retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) iliyoharibika wala mshipa wa fahamu uliokufa kwa presha ya macho. Hilo hupimwa kabla, na likisemwa baada ya upasuaji limechelewa.

Kuna mambo mawili matatu yanayosemwa mitaani ambayo hayana mguu. La kwanza, kwamba konea ya mzee haifai. Utafiti wa Marekani ulilinganisha wachangiaji wa miaka 12 hadi 65 na wale wa 66 hadi 75: baada ya miaka 10 vipandikizi vilivyofanikiwa vilikuwa asilimia 77 na 71, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema kundi moja limeshinda. Kinachotazamwa ni idadi ya seli na afya ya mchangiaji. La pili, kwamba mchangiaji aliyevaa miwani atakurithisha macho mabovu. Hapana, mara nyingi kutoona mbali hutokana na urefu wa jicho, na jicho lenyewe halihamishwi.

La tatu ndilo la hatari: kwamba mwili "ukikataa" basi imekwisha. Kukataliwa ni shambulio, na shambulio lililowahiwa kwa matone makali ya steroidi mara nyingi hurudi nyuma. Kinachoua kipandikizi ni kungoja. Jicho likiwa jekundu, likaumizwa na mwanga, likauma au likapungua kuona, mtu aende kwa daktari siku ile ile, hata kama upasuaji ulifanyika miaka 15 iliyopita. Kwa DMEK shambulio linaweza kuja bila dalili yoyote ya kuhisi, ndiyo maana miadi haikwepeki hata kama macho yanaona vizuri. Na matone hayaachwi kwa sababu chupa imekwisha. Kweli steroidi zina madhara, hupandisha presha ya macho na kuharakisha mtoto wa jicho, lakini kupunguza dozi ni kazi ya anayepima presha hiyo.

Nyuma ya mjadala wote huu kuna uhaba. Uchunguzi uliohusisha nchi 116 ulikadiria kuwa mwaka 2012 zilipandikizwa konea kama 185,000 duniani, na kwamba kwa kila watu 70 waliohitaji, palikuwa na konea moja. Kwa wengi, chaguo kati ya herufi zile halipo. Ipo konea iliyopatikana na daktari anayejua njia moja.

Ndiyo maana kazi ya Shigeru Kinoshita na wenzake huko Kyoto inatazamwa sana. Badala ya kupandikiza kiwambo, wao huotesha seli za ndani maabara, ambapo kwa dawa maalumu hukubali kuzaliana, kisha huzidunga kwenye jicho kwa sindano. Seli za mchangiaji mmoja zinaweza kutosha wagonjwa wengi. Matokeo ya wagonjwa 11 wa kwanza yalitoka mwaka 2018, na miaka mitano baada ya kudungwa macho 10 kati ya 11 yalikuwa na konea inayofanya kazi yake. Japani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2023. Hakuna mshono wala kiputo cha hewa. Mgonjwa analala kifudifudi kwa muda wa saa tatu hivi, ili seli zishuke zenyewe na kushika kwenye konea.